Nilimwomba Bosi Anipunguzie Mshahara

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika historia ya kampuni yetu kuandika barua ya kuomba apunguziwe mshahara.

Barua ya heshima kabisa. "Kwa unyenyekevu mkubwa naomba nirudishwe kwenye nafasi yangu ya zamani na malipo yangu ya zamani." Nikaweka na sahihi.

Bosi akaisoma mara mbili, akacheka mpaka akavua miwani.

"Corinne, wewe una vituko!"

Jamani, sikuwa na vituko. Nilikuwa na siku kumi na tisa tu za kuendelea kuamka kitandani kama binadamu.

Ngoja niwasimulie tangu mwanzo, kabla hamjaanza kunishambulia kwenye komenti.

Naitwa Corinne Sobczak, mkazi wa Harlow Falls, mji ambao miezi mitano ni theluji na saba iliyobaki tunailalamikia theluji. Nina miaka thelathini na minne. Nilipokuwa na kumi na tisa, gari letu liliteleza kwenye barafu, nikavunjika shingo. Kuanzia kifuani kushuka chini sina habari napo. Mikono inafanya kazi nusu nusu, vidole vimegoma kabisa.

Mdomo, nashukuru Mungu, haukuguswa. Na mdomo ndio unaonilisha.

Nafanya kazi kituo cha simu. Kampuni yetu imepewa kandarasi ya kujibu watu wenye maswali kuhusu bima ya afya ya serikali. Ukipata barua usiyoielewa, ukapiga ile namba iliyo chini kabisa, unatupata sisi.

Sasa mimi kufika kazini si jambo la kuamka na kupiga mswaki.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi anakuja mama mmoja anaitwa Bernadine. Ana miaka sitini na moja, ananuka sigara na sabuni, na hajawahi kunyamaza tangu nimfahamu. Ananigeuza, anakagua kama nimeanza vidonda vya kulalia, anabadilisha mpira wa mkojo, ananiogesha, ananivalisha, kisha ananining'iniza kwenye mashine kama gunia la viazi na kunishusha kwenye kiti changu cha magurudumu. Masaa mawili kamili. Jioni anarudi kunilaza.

Anayemlipa Bernadine ni bima ya serikali.

Najua utauliza, "Si mna bima ya kampuni?" Ipo. Nimeisoma yote mpaka yale maandishi ya sisimizi ya mwishoni. Inalipa daktari, inalipa dawa, inalipa hata miwani. Mtu wa kukutoa kitandani hailipi. Wao wanadhani kila mfanyakazi anajitoa mwenyewe.

Na bima ya serikali ina sharti lake. Ukipata kipato kuzidi kiwango fulani, inakukata. Kwa hiyo nilipoajiriwa walinipangia saa chache na malipo ya chini ya ule mstari, nikakaa hapo miaka sita kimya kama niko mafichoni.

Tatizo ni kwamba kazi niliiweza.

Kazini kwetu kuna ubao mkubwa wa umeme ukutani. Unaonyesha jina la kila mmoja na wastani wa dakika zake kwa kila simu. Jina la kijani maana yake unamaliza haraka. Jina jekundu maana yake wewe ni mzigo. Watu wanaukodolea macho ule ubao kama wagonjwa wanaosubiri majibu ya vipimo.

Mimi nilikuwa kijani miaka yote. Na mwaka jana, Kip akaniita ofisini.

Kip Lindgren ndiye bosi wetu. Ni mtu mwema, nisimseme vibaya. Ana tabasamu la kudumu na hajawahi kusikia habari mbaya akaielewa.

"Corinne," akasema, "mwongozo wetu una kurasa arobaini. Watu wanasoma mpaka wateja wanazeeka. Wewe ndiye mwepesi kuliko wote. Upunguze."

Akanipa kanuni: aya yoyote inayochukua zaidi ya dakika moja kuisoma, na wateja hawaiulizii, kata.

Mwongozo ndizo hizo karatasi tunazosoma tukijibu simu. Kisichokuwepo kwenye mwongozo, kwetu hakipo duniani. Nikafungiwa kalamu nyekundu mkononi kwa mkanda, nikaanza. Kata. Kata. Kata. Kwa siku mbili nilikuwa najisikia kama waziri. Kurasa arobaini zikawa kumi na nne.

Kituo kizima kikawa kijani. Na mimi nikapandishwa cheo kuwa msimamizi wa zamu, saa zote kamili, na mshahara juu.

Weee! Sherehe ilifanyika, tena ya nguvu. Kila mtu alileta sufuria yake. Palikuwa na tambi za kuoka na samaki wa kopo, zimemwagiwa chipsi zilizopondwa juu, sufuria nne za namna hiyo hiyo, maana huku kwetu mapishi ya hafla ni hayo. Palikuwa na keki yenye jina langu. Zawadi yangu ilikuwa sehemu maalumu ya kuegesha gari karibu na mlango, na kibao kabisa, "Mfanyakazi Bora."

Sehemu yenyewe ilikuwa nyembamba, gari langu likisimama pale siwezi kushusha ule ubao wa kuteremshia kiti changu. Na iko mbali na mlango kuliko ile ya walemavu ninayoitumia siku zote. Nilishukuru tu.

Halafu Kip akasema, "Sasa msikilize simu ya mfano!"

Akabonyeza kitufe. Sauti ya mwanaume ikajaa ukumbini, sauti ya taratibu, ya mtu anayechagua maneno.

"Habari yako, dada. Naitwa Verlin Haskett. Mimi nina ugonjwa wa misuli, natembelea kiti. Nakaanga donati dukani siku mbili kwa wiki. Sasa mwenye duka anataka nifanye siku tano, niwe mkaangaji mkuu. Nikikubali, bima yangu itakuwaje?"

Ikafuata sauti yangu, tamu kama asali.

"Kwa kipato hicho utakuwa umezidi kiwango, bwana Haskett. Bima itasitishwa."

"Hakuna namna nyingine yoyote?"

"Kwa mujibu wa mwongozo wetu, hapana. Kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

"Hapana, dada. Basi nitamwambia atafute mtu mwingine. Asante kwa muda wako."

"Uwe na siku njema!"

Dakika tatu na sekunde nane. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Mmesikia?" Kip akapaza sauti. "Mteja kapata jibu, kashukuru, kakata simu mwenyewe!"

Nami nikacheka. Nikala keki yangu. Tena nikaomba kipande cha pili.

Wiki tatu baadaye barua ikaja.

Bernadine ndiye aliyeifungua, maana bahasha na vidole vyangu havielewani. Akaisoma kwa sauti huku sigara isiyowashwa ikining'inia mdomoni.

"'Kipato chako kipya kimezidi kiwango kinachoruhusiwa. Bima yako itasitishwa siku ya mwisho ya mwezi huu. Ukiwa na maswali, piga namba ifuatayo.'" Akanyamaza. Mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Mwanangu, hii si namba ya kazini kwenu?"

"Ndiyo."

"Basi jipigie."

Nilicheka, lakini kucheka kwenyewe kulikuwa kwa nusu dakika. Kisha nikaelewa.

Bima ikiondoka, Bernadine anaondoka. Bernadine akiondoka, mimi nabaki kitandani. Nikibaki kitandani, kazi inaondoka. Kazi ikiondoka nakuwa fukara, na nikishakuwa fukara, bima inarudi na Bernadine wake, aje aniamshe niende kazi ambayo sina tena. Mtu aliyeupanga mzunguko huu, popote alipo, naomba vidole vyake vigome kama vyangu, wiki moja tu.

"Utafanyaje?" Bernadine akauliza.

"Nitaomba wanipunguzie mshahara."

"Hiyo nayo inaombwa?"

"Tutajua leo."

Ndipo nikaandika ile barua. Na ndipo Kip akacheka.

Alipomaliza kucheka nikamweleza yote. Kitanda, mpira wa mkojo, mashine, Bernadine. Alisikiliza kwa huruma, kichwa kakiinamisha upande mmoja.

"Unyenyekevu wako unanigusa sana," akasema.

"Kip, si unyenyekevu. Nitalala kitandani mpaka nioze."

"Nakusikia. Lakini taratibu haziruhusu kumshusha mtu aliyefanya vizuri. Wa kushushwa ni aliyeboronga."

"Basi niboronge?"

"Haa! Unaona? Vituko!"

Aisee, nikaenda kuboronga. Kwa nia moja, kwa moyo wote. Msimamizi naye hupokea simu kukiwa na msongamano, kwa hiyo nikavaa hedifoni na kuanza kupoteza muda. Bibi mmoja alipiga kuuliza anuani, nikamuuliza habari za paka wake. Tulizungumza dakika arobaini. Paka ana kisukari, jina lake ni Jenerali, na anamchukia mkwe wa yule bibi. Mzee mwingine alinisimulia ujenzi wa ghala lake lote, kuanzia msingi.

Ijumaa nikaitwa ofisini. Nikaenda nikiwa na matumaini mwanzo mwisho.

"Barua tatu za pongezi!" Kip akasema, amezishika juu. "Kuna bibi anasema hajawahi kuhudumiwa hivi maishani. Nimekuombea bonasi."

Nilitamani kumgonga kwa kiti.

Zilibaki siku saba. Nikaamua kufanya alichosema Bernadine. Mapumziko ya mchana nikajifungia chumba cha kulia chakula, nikapiga ile namba kama raia yeyote.

"Simu yako ni muhimu sana kwetu," sauti ikasema. "Tafadhali subiri."

Ile sauti ni yangu. Waliirekodi miaka miwili nyuma kwa sababu eti inatuliza. Kwa dakika arobaini na saba nilijiambia mwenyewe kwamba mimi ni muhimu sana, nikasubiri, nikajiambia tena. Sikuwahi kujua sauti yangu inaudhi kiasi kile.

Mwishowe ikapokelewa.

"Asante kwa kupiga, unaongea na Odell."

Nikainua macho. Kupitia kioo cha chumba, hatua kumi kutoka nilipo, Odell Pruitt alikuwa kakaa kwenye meza yake na hedifoni kichwani. Odell ni jirani yangu wa meza miaka sita. Jibaba kubwa lenye sauti ya mhubiri, mtu wa mwisho kwenye ubao kila wiki, mwekundu wa kudumu.

"Odell, ni mimi."

Akageuka. Akaniona kwenye kioo. Akatoa macho.

"Mama," akasema kwa sauti ya kazini, "mazungumzo haya yanarekodiwa kwa ajili ya ubora."

"Najua yanarekodiwa, mimi ndiye ninayeyasikiliza! Odell, wananikatia bima. Niambie nifanyeje."

Nikamwona anapekua mwongozo. Kurasa zangu kumi na nne. Alizipekua mbele, akazirudia nyuma, jasho linamtoka kwenye paji.

"Kwa kipato hicho, mama, utakuwa umezidi kiwango. Bima itasitishwa."

"Hakuna namna nyingine yoyote?"

Sauti yangu ilipotoka na swali lile nikashtuka. Nilikuwa nimelisikia mahali, tena kwa maneno yale yale.

"Kwa mujibu wa mwongozo wetu, hapana," Odell akasema, na nikamwona amefumba macho. "Kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

Nilikata simu. Kwenye ubao, jina la Odell likageuka kijani kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Nililia pale pale mbele ya mashine ya soda. Mtu ambaye hawezi kujifuta machozi vizuri akilia ni kazi mbili, na watu wanapita wanajifanya wanachagua soda.

Mara nikasikia kioo kinagongwa. Odell. Amebandika karatasi kwenye kioo, ameandika kwa herufi kubwa: NJOO MEZANI KWANGU. ANGALIA CHINI.

Nikaenda. Meza ya Odell ilikuwa imeinama upande mmoja. Yeye yuko magotini, jibaba zima, anachomoa kitu chini ya mguu wa meza.

"Dada mkubwa, unajua mimi situpi kitu," akasema akihema. "Meza yangu inayumba tangu mwaka juzi. Ulipotoa mwongozo mpya, ule wa zamani nikauweka hapa."

"Nakala ipi?"

"Ile uliyosahihisha. Ilikuwa kwenye pipa la karatasi, nikaona ina unene wa kutosha." Akaupangusa vumbi. "Nilikuwa naisoma hii aya zamani. Ndefu! Ndiyo ilikuwa inanifanya niwe mwekundu. Ukurasa wa sita."

Akanifungulia.

Maandishi yalisema hivi, na leo nayajua kwa moyo: Kama anayepiga simu ana ulemavu na anafanya kazi, mwambie asiache kazi wala asikatae nyongeza. Ipo njia ya pili. Anaweza kubaki na bima hii kwa kulipa mchango mdogo kila mwezi kulingana na kipato chake. Aombe fomu ya wafanyakazi wenye ulemavu. Msaidie kuijaza.

Nilisoma mara tatu. Furaha ilinipanda mpaka masikioni. Njia ipo! Bernadine anabaki!

"Nani mshenzi aliyeitoa hii?" nikafoka. "Nitajie jina lake, Odell!"

Odell alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ndipo nikaona mstari mwekundu.

Ulikuwa umekatisha aya nzima kutoka kona hadi kona, mstari wa kuyumbayumba, wa mtu aliyefungiwa kalamu mkononi kwa mkanda. Pembeni pameandikwa, "Hakuna anayeuliza." Na chini yake herufi mbili kama kuku amechakura: C.S.

Jengo zima hakuna mwenye mwandiko kama ule. Labda dunia nzima.

Nikaishiwa maneno. Mimi na mdomo wangu wote.

Mtaniuliza, we mlemavu, unafanya kazi, ukakataje aya ya walemavu wanaofanya kazi? Swali zuri. Nimejiuliza usiku na mchana. Jibu ni kwamba sikuisoma. Niliangalia urefu wake. Nikahesabu mistari, nikaangalia orodha ya maswali, nikaona hakuna anayeuliza, nikapiga mstari. Wangeulizaje kitu ambacho hawajui kipo? Hata mimi sikujua kipo, nami nilikuwa nimekishika mkononi.

Fomu niliituma siku ile ile. Odell alinijazia, kwa mwandiko mzuri wa shule ya Jumapili. Majibu hayakuja. Siku ya mwisho ya mwezi ikafika, majibu hayajaja. Jioni ile Bernadine alinilaza, akanifunika, akasimama mlangoni.

"Kesho sitalipwa nikija," akasema.

"Najua, mama. Usije. Una kodi ya kulipa."

"Haya."

Asubuhi nikafumbua macho nikiangalia dari. Nilijipa moyo kwamba dari si baya sana. Lina ufa mmoja. Nikawa najiuliza nitaweza kuuangalia huo ufa miaka mingapi.

Saa kumi na mbili kamili nikasikia ufunguo.

"Barua imekuja?" Bernadine akauliza kutoka jikoni.

"Haijaja."

"Basi nyamaza, inua mkono nikuvalishe."

Nililia tena, naye akaniambia nisimlowanishie mashati aliyoyapiga pasi. Alikuja siku tisa bila malipo. Siku ya kumi barua ikaja: nimekubaliwa, bima inaendelea, na siku zake tisa zitalipwa. Aliiwasha ile sigara yake ndani ya nyumba yangu, na sikumkataza.

Hapo hadithi ingeweza kuishia, tukapeana hongera. Lakini kulikuwa na sauti moja haitoki kichwani mwangu. Sauti ya taratibu, ya mtu anayechagua maneno.

Nikafungua kumbukumbu za simu, jambo ambalo taratibu haziruhusu. Nikapiga.

"Bwana Haskett? Mimi Corinne, wa kituo cha bima. Ulitupigia mwezi wa tisa."

"Nakukumbuka," akasema. "Yule dada mwenye haraka."

"Nilikujibu vibaya. Ilikuwepo njia ya kubaki na bima na kuichukua ile kazi. Sikukuambia."

Nilisikia televisheni yake, watu wanashangilia mchezo wa kubahatisha bei.

"Ile kazi alipewa mpwa wa mwenye duka," akasema. "Anaunguza."

"Samahani sana."

"Nilitaka kukuuliza tena siku ile. Nikaona haya. Nikadhani nakuchosha."

Nikakimbilia la kazini. "Una kalamu karibu? Uandike jina la fomu?"

"Mikono yangu haiandiki vizuri siku hizi, dada."

"Hata yangu."

Televisheni ikazimwa.

"Unamaanisha nini, hata yako?"

"Niko kwenye kiti, bwana Haskett. Miaka kumi na tano sasa. Kuna mtu anakuja kunitoa kitandani ndipo nije kukujibu simu."

"We pia?"

"Mimi pia."

"Na ukanijibu vile?"

Sikumtafutia sababu. "Nikakujibu vile," nikasema.

Nilimsikia anapumua muda mrefu. Nilidhani atanitukana, na ningeyapokea yote. Ningependa kabisa anitukane.

"Haya, isome," akasema mwishowe. "Yote. Na uende polepole."

Nikaisoma yote, polepole. Kisha akaniuliza, nikajibu. Akauliza tena, nikajibu tena. Tuliijaza ile fomu kwa simu, mstari kwa mstari, vilema wawili wasioweza kushika kalamu, mpaka Odell akaja kutuandikia. Dakika hamsini na moja. Sasa hivi bwana Haskett anakaanga donati mji wa jirani, siku nne kwa wiki. Hajanisamehe rasmi, ila hupiga mara moja moja kunijulisha kwamba yule mpwa bado anaunguza.

Kesho yake nikairudisha ile aya kwenye mwongozo, ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene. Ubao mzima ukawa mwekundu kama mbuga imeshika moto.

Kip akaja mbio. Kwa mara ya kwanza sikuona tabasamu.

"Corinne! Wastani umepanda dakika mbili! Tutapoteza kandarasi!"

"Nilikuomba unishushe cheo, ukakataa. Sasa nimeboronga. Nishushe."

"Siwezi," akasema kwa unyonge. "Nimeuliza wanasheria. Wanasema kumshusha mfanyakazi mlemavu kwa sababu amewaambia walemavu haki zao, haitapendeza mahakamani."

Kwa hiyo bado niko hapo hapo, msimamizi wa kituo chekundu kuliko vyote jimboni. Kile kibao cha Mfanyakazi Bora wamekihamisha.

Wewe unayesoma, somo langu ni hili. Ukiambiwa "hapana" na mtu wa dirishani au wa kwenye simu, uliza mara ya pili, hata ukiona haya. Usimwonee huruma kwamba unamchosha. Na kama wewe ndiye uliye dirishani, soma kile unachokikata, kwa sababu siku moja utapiga ile namba wewe mwenyewe.

Wafanyakazi wapya wakija, mimi ndiye ninayewafundisha. Nawachezea simu ya mfano, kama alivyofanya Kip siku ile ya keki. Ila siku hizi nawachezea mbili. Ya kwanza ni ya dakika tatu na sekunde nane, na wote huitikia kwa vichwa kwamba ni nzuri sana. Ya pili ni ya dakika hamsini na moja. Wanapiga miayo, wanaangalia saa, mmoja wiki iliyopita aliomba kwenda chooni.

Kiti changu nimekiegesha mlangoni, mkokoteni wa kilo mia na hamsini. Hatoki mtu mpaka iishe.